Baiti Sitini na Tisa

...na kidole gumba hakisogei, kimelala palepale juu ya jina la tatu, kinene, kina masizi ya makaa kwenye ukucha, Etiye Worke, jirani yetu, ameishika karatasi ya mwanawe kwa mkono mmoja na kwa mkono wa pili anapepea moto chini ya jebena, birika la udongo la kahawa, anamwambia mama yangu kwamba buni za safari hii ni ndogo kama shayiri, na mimi nimesoma majina mawili tu, Natnael, halafu Wondimu, halafu kidole, na moyo umenipiga paa, kwa sababu majina hayo mawili nimeyaandika mimi mwenyewe leo mchana, saa nane na dakika arobaini, kwa mkono huuhuu ulioshika kikombe, na mwisho wa mstari nikaandika tarehe ya kufa. "Tsigeye, unanisikia lakini?" Nakusikia, Etiye. Sijasikia hata neno. Anarudia, wala hakasiriki, hajawahi kunikasirikia tangu nikiwa natambaa kwenye ua huu. "Mama yako ameniambia unaweka maneno ya watu mahali pasipofutika, si ndiyo? Hata nyumba ikiungua, yenyewe yamo. Basi niwekee na cheti cha shule cha Mamush. Panya wameshaanza pembe hii, tazama." Natazama pembe, imeliwa kweli, natazama kidole, cheti cha Mamush, Mamush yule wa kupanda juu ya bati kufuata mpira, Mamush aliyenipasua kichwa kwa jiwe halafu akalia kuliko mimi niliyepasuka, miaka yote nilimwita Mamush kama kila mtu alivyomwita, nani kwenye ua huu alijua kwamba shuleni ana jina lingine, na baba yake alikuwa Kapteni, basi, Kapteni, hata siku ya kumzika watu waliambiana leo tunamzika Kapteni, sasa Natnael ametoka wapi, Wondimu ametoka wapi, jamani.

Tulia, Tsige. Majina mawili si mtu. Kwetu mtu ni majina matatu, lake, la baba yake, la babu yake, hatuna jina la ukoo la kujishikia, ukisimama katikati ya soko la Merkato ukaita Natnael Wondimu watageuka watatu na wa nne atauliza nani ananiita, babu ndiye anayewatenganisha, ukimjua babu umemjua mtu, na babu... babu nilimkata. Nilimkata mimi, leo, kwa kidole kimoja, kwa sababu alikuwa hatoshi. Ermias, anayetukusanyia majina huko, alituma sauti kutoka Tripoli kama anavyotuma siku zote, sauti ya mtu anayeongea amejifunika blanketi, jina, baba, babu, ametoka Addis Ababa, amefia Libya, tarehe kumi na moja mwezi wa Yekatit, nikaandika yote kwa herufi zetu, nikahesabu baiti, themanini na mbili, na nafasi ni themanini. Baiti themanini tu. Mnyororo wa bitkoini ni daftari moja la dunia nzima, nakala zake ziko kwenye maelfu ya mashine, hakuna mwenyewe na hakuna wa kulifuta, na kila mtu anayetuma bitkoini, hata chembe isiyolisha kuku, anaruhusiwa kubandika maneno yake pembeni ya muamala, wengine wanabandika posa, wengine matusi, wengine sijui mapishi, mimi na mwenzangu Kaleb tunabandika majina ya vijana wetu waliofia njiani, jangwani, baharini, waliokosa kaburi, tukisema angalau mstari, angalau mahali pamoja duniani paandikwe alikuwepo. Lakini herufi moja ya Kilatini inakula baiti moja, herufi moja ya kwetu inakula tatu, mwenzetu wa Ulaya ataandika jina na sala na salamu kwa majirani, sisi jina na baba na babu nusu ya chumba imeshajaa. Zilizidi mbili. Mbili tu. Nikatazama mstari, nikasema nani apungue hapa, mji hapana, nchi aliyofia hapana, tarehe hapana, nikamkata babu, nikapata sitini na tisa, nikaona raha, nakumbuka niliona raha, kama mtu aliyefunga sanduku la safari likafungika.

Simu iko mapajani, chini ya mtandio. Naifunua kidogo. Bado. Bloku ya mwisho, yaani ukurasa wa daftari lile, imefungwa dakika ishirini na sita zilizopita, kwa kawaida ni dakika kumi, kumi na tano, bloku inafungwa, inaunganishwa na zilizotangulia, na kilichomo ndani kimekwisha, hata malaika hafuti, na siku nyingine zote ikichelewa nasonya, naitukana, leo naiomba, chelewa mama, chelewa, kaa hukohuko, kwa sababu mstari wangu hauko ndani bado, tuliulipia kidogo, bloku kadhaa zimeshaupita, unaning'inia nje na wenzake ukingoja kuchukuliwa, na mstari unaoning'inia unaweza kuvutwa, unatuma mwingine mahali pake wenye malipo makubwa zaidi, mashine zinashika huo wa pili na kuuacha wa kwanza, jambo la dakika moja, nimelifanya mara mbili, ila linataka funguo mbili, wangu na wa Kaleb. Tuliweka funguo mbili ili mtu asije akakosea peke yake. Na kweli hatukukosea peke yetu, tulikosea wote wawili, Kaleb aliniuliza, "Baiti ngapi?" nikamwambia sitini na tisa, akasema safi, akatia saini, hakuuliza ni nani, hatuulizani tena ni nani, siku za mwanzo tulikuwa tunasoma jina kwa sauti, tunanyamaza kidogo, siku hizi tunaulizana ukubwa. Nimempigia mara nne tangu nikae hapa. Jumapili saa kumi Kaleb yuko uwanjani, anacheza beki, mbaya kweli, simu iko kwenye begi nyuma ya goli. Nimemwandikia, Fungua, tuuvute wa leo, haraka. Alama moja tu. Haijafika.

"Huyu mtoto amekonda," Etiye anamwambia mama yangu, kama sipo. "Kazi za kompyuta hizo. Wanakula biskuti." Mama anasema, "Mwambie wewe, mimi hanisikii." Sauti ya mama iko chini mno leo. Etiye anacheka, anasogeza kijiti cha ubani kwenye makaa, moshi unapanda, simu yake mwenyewe iko kwenye sinia karibu na bisi, kioo kimepasuka, imechomekwa kwenye waya unaopita juu ya kitanda, haitoki kwenye waya, haizimwi, hata kanisani anakwenda nayo inawaka, Mamush alipiga mara ya mwisho siku hamsini na mbili zilizopita, ananihesabia kila nikija, hamsini na mbili, huko Libya mtandao ni wa shida, mwanangu, akihamia mji mwingine wanawanyang'anya simu. Ndiyo, Etiye. Na hiyo simu, hiyo hapo yenye ufa, ndiyo itakayolia. Naiona kabisa. Bloku ikifungwa, tovuti yetu inasoma mnyororo yenyewe, sisi ndio tulioifundisha tukajisifu, inachukua jina, inalitundika, inatuma arifa kwa kila aliyejiandikisha, watu wetu wa Washington, wa Roma, wa Dubai, wanaoikodolea macho siku nzima wakitafuta mtu wao, na mmoja ataona Natnael Wondimu, Addis Ababa, atasema Mungu wangu, huyu si mtoto wa Worke, na ana moyo mzuri huyo mtu, ndio ubaya wake, ana moyo mzuri, atashika simu palepale apige ampe pole. Pole kwa simu, mbele ya bisi. Mama wa watu amekaa kwenye kigoda ana jebena mkononi, anasikia pole sana dada, tumeona jina.

Habari ya kifo haipelekwi hivyo. Hata mlevi wa mtaa wetu anajua haipelekwi hivyo. Msiba una merdo yake, habari inafichwa, inafichwa hata wiki, hata miezi miwili, wote wanaijua isipokuwa mwenye nayo, wanakuja kwake wanacheka, wanakunywa kahawa yake, wakitoka nje wanajifuta macho, mpaka wazee wakubaliane siku, na siku hiyo wanakuja alfajiri kabla hajaonja kitu, wengi, mashangazi na majirani wa kumshika asianguke, na yeye akifungua mlango akiona watu wote hao na giza halijaisha, ameshajua, hakuna anayelazimika kusema. Nilipokuwa msichana nililiona jambo hili kama unafiki. Nilisema hivyo, nilimwambia mama, mnamfanya mtu mjinga nyumbani kwake, kwa nini asiambiwe palepale, ukweli ni ukweli. Ndiyo maana mnyororo ulinipendeza, hauna cha wazee kukubaliana siku, haumngoji mtu, haumwonei mtu haya. Na hata hivyo tuliweka sharti, mimi na Kaleb, hatuandiki jina mpaka nyumbani wajue, na Ermias alisema kwenye sauti yake, "Nyumbani wanajua, nimemwambia mjomba wake," na mimi, mtoto niliyezaliwa na kulelewa humuhumu, nikasikia mjomba anajua nikaandika nyumbani wanajua.

Lakini si yeye. Kwa nini awe yeye, Addis ina watu mamilioni, kina Natnael wameondoka wangapi, huyo wa Ermias atakuwa wa Kolfe huko, wa Saris, ana mama yake mwingine, ana nyumba nyingine, ee Mungu awe wa nyumba nyingine, na nimeshasema hivyo moyoni, nimeomba, kwa bidii, na jebena linatoa mvuke mbele yangu nikiomba, kwamba mama mwingine asiyenijua ndiye aliwe na hili, kwamba kuna kigoda kingine na bisi nyingine na simu nyingine kwenye waya. Mtu gani anaomba hivi? Mimi. Na ningeomba tena. Uso unaniwaka, labda ni makaa. Jina la babu lilikuwa nani, kumbuka jina, Tsige, ulilisikia kwa masikio haya saa nane, uliliandika, uliliona likifutika herufi kwa herufi, lilikuwa nne, herufi nne baiti kumi na mbili, hiyo naikumbuka, idadi naikumbuka, jina sina, akili yangu imekuwa mzani. Na vistari. Sasa hivi ndio naviona, tarehe niliiandika na vistari viwili, mwaka kistari mwezi kistari siku, vistari viwili, baiti mbili. Ningevitoa hivyo vistari ingekuwa themanini kamili. Babu angekaa. Nilimtoa mzee wa watu nikaacha vistari.

"Wanaume wa familia yangu wamechanganyikiwa," Etiye anasema, anamimina kahawa ya pili kati ya tatu, mkono wake hautikisiki, uzi mwembamba mweusi kutoka juu mpaka kwenye kikombe bila tone kumwagika. "Kaka yangu wa Dubai amepiga mara tatu wiki hii. Anauliza nimekunywa dawa ya presha. Miaka sita hajawahi kuniuliza habari za presha, nilidhani hajui kama ninayo. Nikamwambia Tadele, umeokoka nini?" Nacheka. Nimecheka, nadhani, sauti imetoka. Mama hajacheka. Mkono wa mama umesimama ndani ya bakuli la bisi, vidole vimefumba bisi na havitoki, na anaangalia bakuli, na mimi naangalia mkono, na hapo ndipo... ngoja. Mjomba wake, alisema Ermias. Nimemwambia mjomba wake. Ngoja kwanza. Mama alinipigia Alhamisi, mama ambaye kila nikija Jumapili analalamika kwamba narudi kwangu mapema, akasema Jumapili uje tunywe kahawa kwa Etiye Worke, uvae mtandio mweupe, na ulale kwetu, Jumatatu utakwenda kazini kutokea hapa. Nikamuuliza kuna nini, akasema lazima kuwe na kitu? Na hema. Hema la idir, chama chetu cha kuzikana, nimelipita nikiingia, limekunjwa nyuma ya geti la jirani, na nguzo zake zimefungwa kamba, na mabenchi yamepangwa yakiangalia ukuta kama yanaona aibu, nikasema mama nani amefariki, akasema hakuna, limeletwa kushonwa. Jumapili. Nani anashona hema Jumapili. Na wanawake wawili niliokutana nao kisimani, wamenishika mikono yote miwili kunisalimia, wameishika muda mrefu.

Mama, niangalie. Haniangalii. Tangu nimefika hajaniangalia usoni, nilidhani ni yale maneno yetu ya mwezi uliopita. Niangalie basi. "Etiye," nasema, na sauti ni yangu, imetoka ikiwa ya kawaida, naishangaa, "na babu yake Mamush aliitwa nani, upande wa Kapteni? Inatakiwa kuandika." Inatakiwa. Inatakiwa leo. Etiye ananyanyua uso, umefurahi, hakuna mtu anayemuuliza habari za mkwewe. "Uuh, yule mzee! Ungemjua ungemkimbia. Mkali, lakini masikio haya, yamesimama hivi, Mamush kayachukua yote mawili. Nilipojifungua mkunga alitazama masikio akasema huyu wa nyumba ya nani najua." Na kabla hajalitaja limeshanijia, limekuja na chaki, mwalimu wangu wa hesabu mwenye jina hilohilo, Gashe Yirdaw, aliyekuwa akitupa chaki bila kugeuka na inampata mtu, na mimi saa nane mchana, kidole juu ya kitufe cha kufuta, nilicheka peke yangu nikasema kwa sauti, samahani Gashe Yirdaw, leo umezidi. Nilitania. Nilimtania nikimfuta. Na kidole gumba cha Etiye kinasogea, kinaacha alama nyeusi kwenye karatasi, na chini yake, kwa wino wa mwalimu mkuu, herufi nne.

Yirdaw.

Sasa mama ananiangalia. Ameniona nikisoma, na amejua kwamba nimejua, ingawa hajui nimejuaje, na anatikisa kichwa kidogo sana, usingekaa karibu usingeona, hapana, si leo, na macho yake yamejaa na hayamwagiki, mama yangu mnafiki, mama yangu na kahawa zake za kila siku nyumba hii wiki nzima, anarudi nyumbani anajifunika, anaamka anakuja tena kucheka. Wote wanajua. Ua mzima unajua, kisimani wanajua, Dubai wanajua, hema linajua. Wao walijua Mamush amekufa, mimi nilijua Natnael amekufa, nimekuwa na kifo chake mfukoni tangu mchana na nimeingia nacho hapa nikauliza bisi zina chumvi. Na kesho. Ni kesho, ndio maana nilale, alfajiri ya kesho tutasimama kwenye huu mlango wa bati, mimi na mtandio wangu mweupe, na yeye atafungua. Leo ni kahawa yake ya mwisho ya kuwa mama wa mtu aliye safarini, na anaimimina bila kumwaga, na mimi nimeweka kitu huko nje kinachoweza kumnyang'anya hata hiyo, saa hii, kabla ya ya tatu. Dakika thelathini na nne bila bloku. Kaleb, alama moja. Alama moja tu, Kaleb, toka uwanjani, vunjika mguu basi, utolewe.

"Mbona hunywi?" Nakunywa, Etiye. "Hunywi. Mamush afe, unaiacha ipoe na mimi nakutazama?" Nimelisikia neno hilo kwenye ua huu mara elfu, Mamush afe kama sijakurudishia ungo wako, Mamush afe chukua na hicho kipande, ndivyo tunavyoapa, kwa yule tusiyeweza kuvumilia afe, na jinsi unavyompenda ndivyo unavyomuua mara nyingi kwa siku, mgeni akikataa chakula tu ameshauawa, lakini leo neno limetoka likakaa katikati yetu juu ya majani mabichi yaliyotandazwa sakafuni na hakuna aliyelichukua, mama amefumba macho, mimi nimeinua kikombe nikanywa yote kwa mkupuo, imeniunguza ulimi, nimeshukuru kuungua. Unaona, anasema Etiye, kumbe koo lipo. Na ninamtazama akicheka, na nywele zake zilizotoka mvi pembeni, na nampenda, nampenda mpaka kifua kinauma, na hapo kitu ndani yangu kinageuka, sijui nikiite nini, kila nilichokuwa nakiita ukweli mpaka leo kilikuwa ni kuharakisha tu. Ataujua. Hakuna anayemnyima. Lakini aujue amesimama, ameshikwa kulia na kushoto, na watu wanaolijua jina lake, si kwa arifa, si kwa baiti sitini na tisa. Kaleb akijibu tutauvuta mstari, tutauandika upya, na babu yake, bila vistari, themanini kamili, wiki ijayo, mwezi ujao, mnyororo hauendi popote. Na asipojibu... siwezi kuizuia bloku. Hakuna anayeweza. Mikono yangu haifiki huko. Inafika hapa, inafika kwenye sinia.

"Etiye, nipe na simu yako." "Ya nini?" "Cheti. Ni karatasi kubwa, kinaingia polepole, simu yangu peke yake haitoshi, nitakesha nazo zote mbili." Uongo mtupu, hauna hata kichwa, Kaleb angeanguka kwa kicheko, na mama yangu anaudaka palepale kama tuliufanyia mazoezi, "Mpe tu, Worke, mambo yao hayo ndivyo yalivyo." Etiye anaitazama simu kwenye waya. Anaitazama muda. Halafu ananiuliza, taratibu, kama anauliza kitu kidogo, "Na Mamush akipiga?"

Makaa yanalia. Mama amegeukia ukutani anatafuta kitu ambacho hakipo. Akipiga. Akipiga, Tsige, jibu, umeulizwa. "Akipiga nitapokea mimi." "Utamwambia nini?" "Nitamwambia umelala, Etiye." Anafikiri. Anaona ni sawa. "Mwambie dawa nakunywa," anasema, "Tadele asije akamtia wasiwasi huko. Na umwambie nimeweka cheti chake, panya hawakipati tena." Anachomoa waya, anaipangusa simu kwa pindo la gauni, upande wa kioo, upande wa nyuma, na bado hajainyoosha kwangu. "Utairudisha lini?" "Alfajiri." "Alfajiri mapema hivyo? Hata jogoo hajawika?" "Alfajiri tutakuja." Nimesema tutakuja. Limeshatoka. Etiye anainamisha kichwa upande mmoja, jicho lake liko juu yangu, jeusi, zuri, halina haraka, na sijui linaona nini, sijui kama kuna mahali ndani yake, chini kabisa, ambapo na yeye amekuwa akihesabu, simu tatu za Dubai, jirani wa kila siku, siku hamsini na mbili, sijui, na hataki kuniambia kama mimi nisivyotaka kumwambia. "Wewe na nani?" "Mimi na mama." "Apa." Najua anataka niape kwa nani. Wote humu ndani tunajua. Nafungua mdomo, jina la Mamush liko palepale kwenye ulimi uliounguzwa, na halitoki, siwezi, sasa ni la kweli, haliapiki tena. "Nife mimi, Etiye," nasema. "Alfajiri utaipata." Anacheka kidogo. "Usife wewe, nani ataniwekea cheti," anasema, na simu inakuja mkononi mwangu, ina joto la makaa, na kwenye kioo kilichopasuka yuko yeye, amevaa shati la shule, masikio yamesimama yote mawili. Nabonyeza pembeni mpaka picha inazima. Bloku bado, au imeshafungwa, sijaangalia, nazishika simu zote mbili chini ya mtandio, na Etiye ameongeza maji kwenye jebena kwa ajili ya ya tatu, anangoja ichemke.